Kufundisha Kando ya Kitanda: Mwanafunzi wa Famasi, Msimamizi Wake na Asili ya Maarifa

Mafundisho ya kliniki katika famasi ni ile sehemu ya mafunzo inayofanyika pale mgonjwa alipo: wodini, kwenye kliniki za kisukari na shinikizo la damu, kwenye dirisha la dawa, na katika raundi ambamo daktari, muuguzi na mfamasia huamua pamoja mgonjwa atumie nini, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Darasani dawa huzungumzwa peke yake. Wodini huzungumzwa pamoja na mtu anayeimeza: figo zake, umri wake, dawa nyingine alizoziacha nyumbani, na nauli ya kumrudisha hospitali wiki ijayo.

Wanafunzi na wasimamizi wakiulizwa kuhusu mafundisho hayo, mara nyingi huieleza asubuhi ileile kwa namna mbili. Msimamizi anasema amefundisha tangu saa mbili hadi saa sita. Mwanafunzi anasema amebeba mafaili wodi nzima na hakufundishwa kitu. Ni rahisi kudhani kwamba mmoja ni mvivu na mwingine ni mkali, lakini malalamiko haya yanasikika katika nchi nyingi na katika fani nyingi za tiba, kwa hiyo hayawezi kuelezwa kwa tabia za watu wachache. Mzizi wake uko katika maswali mawili ya zamani ya falsafa. Je, maarifa ya kumtendea mtu fulani lililo jema, katika hali yake, yanafundishika? Na kama yanafundishika, ni nani anayejua kwamba yamefundishwa?

Famasi ilivyofika wodini

Kwa karne nyingi kazi ya mfamasia ilikuwa kutengeneza dawa: kusaga, kupima, kuchanganya na kuhifadhi. Katika karne ya 20 viwanda viliichukua karibu kazi hiyo yote, na mfamasia akabaki kuhesabu vidonge na kubandika lebo. Njia nyingine ilianza kuonekana Marekani mwaka 1966, wafamasia wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipopeleka huduma yao kwenye ghorofa ya tisa ya hospitali ya chuo hicho ili wawe karibu na wagonjwa na madaktari. Mwaka 1990 Charles Hepler na Linda Strand waliandika kwamba mfamasia ana dhamana juu ya matokeo ya dawa katika maisha ya mgonjwa, hata baada ya dawa hiyo kutoka dirishani. Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani lilichapisha orodha ya majukumu saba ya mfamasia, na ualimu ukawa mojawapo.

Mabadiliko haya yalibadilisha aina ya maarifa yanayotakiwa. Kupima gramu mbili za unga kuna jibu moja, na mizani ndiyo mwamuzi. Kumshauri mzee anayetumia dawa sita, mbili kati yake zikigombana, kuna majibu kadhaa yanayokubalika, na bora kati ya hayo hutegemea mzee mwenyewe. Fani iliyozoea usahihi wa mizani ililazimika kujifunza usahihi wa aina nyingine.

Afrika Mashariki iliingia katika safari hii ikiwa na haraka nyingine. Mafunzo ya shahada ya famasi yalianza Muhimbili na Nairobi katika miaka ya 1970, wakati shida kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba dawa zipo, ni salama na zinafika. Leo mwanafunzi wa Tanzania husoma miaka minne kisha hufanya mafunzo tarajali ya mwaka mmoja kabla ya kusajiliwa na Baraza la Famasi. Kenya shahada huchukua miaka mitano, nayo hufuatwa na mwaka wa utarajali. Katika hospitali moja, basi, wanaweza kukutana mtarajali anayetamani kwenda raundi na msimamizi ambaye siku yake huliwa na bohari, hesabu za akiba na foleni ya dirishani. Wote wawili ni wafamasia, ila taswira walizo nazo za kazi hiyo ni mbili.

Maarifa ya kusema na maarifa ya kutenda

Katika kitabu cha sita cha maadili yake kwa Nikomako, Aristotle alitenganisha elimu ya mambo yasiyobadilika, ufundi wa kutengeneza vitu, na busara ya kutenda. Busara, kwa maoni yake, inahusu jambo mahususi lililo mbele ya mtu, ndiyo maana kijana anaweza kuwa hodari wa hisabati lakini akakosa busara: mambo mahususi hujulikana kwa kuyapitia, na kuyapitia kunahitaji miaka. Mwaka 1949 Gilbert Ryle wa Oxford alirudi kwenye tofauti inayokaribiana na hiyo alipotenga kujua kwamba jambo ni hivi na kujua namna ya kulifanya. Alikataa wazo kwamba mtendaji stadi husoma kanuni moyoni kwanza ndipo atende. Ustadi wake umo ndani ya tendo lenyewe.

Chukua mfano unaojulikana sana katika hospitali za eneo hili. Mgonjwa anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya virusi vya UKIMWI anapata kifua kikuu na kuanzishiwa rifampisini. Rifampisini huchochea mwili kuiondoa dolutegraviri haraka, kwa hiyo dozi ya miligramu 50 mara moja kwa siku huongezwa kuwa miligramu 50 mara mbili, asubuhi na jioni. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu huandika hayo kwenye mtihani bila kosa. Kando ya kitanda kuna mama anayelala chumba kimoja na mawifi zake, ambao hawajui hali yake. Kidonge cha asubuhi hukimeza wakiwa sokoni. Kidonge cha jioni atakimeza wakiwa wote ndani. Kanuni ya dozi haisemi lolote kuhusu chumba hicho. Msimamizi mzoefu, kabla ya kugusia vidonge, huuliza kwa sauti ya chini: “Mama, jioni nyumbani mnakuwa wangapi?” Mwanafunzi aliyesimama pembeni anasikia mazungumzo ya kupoteza muda, na anasubiri somo lianze. Somo limeshaanza, na huenda sehemu yake kubwa imeshapita.

Hapo ndipo maelezo ya asubuhi moja yanapogawanyika. Kwa mwanafunzi, fundisho ni kile kinachoweza kuandikwa kwenye daftari na kurudiwa kwenye mtihani. Kwa msimamizi, fundisho ni kile kinachoweza kuonekana. Kila mmoja ameshika nusu ya kweli. Dozi isiyojua chumba cha mgonjwa haitamezwa, na mazungumzo mazuri ya mtu asiyejua kwamba dawa mbili zinagombana hayatamponya mgonjwa.

Yanayosemeka na yasiyosemeka

Michael Polanyi, mwanakemia aliyegeuka mwanafalsafa, alishikilia katika kazi zake za mwaka 1958 na 1966 kwamba binadamu anajua mengi kuliko anayoweza kuyaeleza. Mtu hutambua uso wa rafiki katika umati bila kuweza kutaja alama alizozitumia. Hoja hii huwapa wasimamizi faraja: ikiwa maarifa yao makubwa hayasemeki, basi mwanafunzi hana budi kukaa karibu, kutazama na kungoja yamwingie.

Faraja hiyo ina hatari. Si kila kisichosemwa hakisemeki. Msimamizi anatupa jicho kwenye faili na kusema dozi ya gentamaisini ni kubwa mno. Nyuma ya sentensi hiyo fupi kuna umri wa mgonjwa, uzito wake, kreatinini ya juzi, makadirio ya utendaji wa figo kwa kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, na shaka moja ya ziada: uzito ulioandikwa huenda ulikisiwa, kwa kuwa mgonjwa hawezi kusimama kwenye mizani. Hatua zote hizo zinasemeka. Hazikusemwa kwa sababu msimamizi amezizoea hata hazioni tena kama hatua. Kwake jibu limekuja mara moja. Kwa mwanafunzi limetoka hewani.

Mwaka 1989 Allan Collins, John Seely Brown na Susan Newman walieleza kwamba katika ufundi wa mikono mwanagenzi huona kazi ikifanyika, ilhali katika kazi za akili kilicho muhimu hufanyika ndani ya kichwa cha fundi. Ndiyo maana fundi wa kazi za akili ana wajibu wa pili: kufikiri kwa sauti. Hapa panapatikana mpaka unaofaa kati ya hoja ya Polanyi na malalamiko ya wanafunzi. Linalosemeka na lisemwe, tena lote. Lisilosemeka, kama ule upole wa sauti au kujua wakati wa kunyamaza, lionyeshwe mara nyingi na mwanafunzi aambiwe mapema atazame nini. Msimamizi akimwambia kabla ya kufika kitandani, “Sikiliza nitakavyouliza kuhusu nyumbani kwake, kisha uniambie kwa nini,” mazungumzo yaleyale hugeuka kuwa somo.

Kufundisha: tendo au tokeo?

Mgogoro huu hudhihirika zaidi katika suala la mrejesho. Mwaka 1983 daktari wa Marekani Jack Ende aliandika makala iliyoeleza jinsi mrejesho unavyokosekana au unavyotolewa vibaya katika mafunzo ya kliniki, na tangu hapo jambo hilo limejadiliwa katika fani nyingi za afya. Msimamizi huamini ametoa mrejesho kila saa, mwanafunzi huamini hajapata hata mmoja. Msimamizi aliposema “hesabu hii irudie,” kwake alikuwa amemrekebisha mwanafunzi. Mwanafunzi alisikia agizo la kazi. Alikuwa anangoja kuitwa pembeni, kuketishwa, na kuambiwa amefanya nini vizuri na nini vibaya.

Kwa mtazamo wa falsafa, wawili hawa hawabishani juu ya yaliyotokea. Wanabishana juu ya kufundisha ni kitu gani. John Dewey alilinganisha kufundisha na kuuza: hakuna aliyeuza kama hakuna aliyenunua, basi hakuna aliyefundisha kama hakuna aliyejifunza. Kwa kipimo hiki mwanafunzi yuko sahihi, kwa kuwa mrejesho usiojulikana kuwa ni mrejesho haujafika. Lakini kuna upande wa pili. Kufundisha ni pia juhudi inayofanywa kwa nia na kwa njia zinazofaa, hata kama tunda lake halionekani siku ileile. Mengi yanayofundishwa wodini huiva baadaye, mtarajali anapobaki peke yake zamu ya usiku na kukumbuka swali ambalo zamani aliliona la kupoteza muda. Kwa kipimo hiki msimamizi naye yuko sahihi.

Makosa huanza kila upande unapotumia kipimo kimoja kufuta kingine. Msimamizi anayesema “nilisema, kutosikia ni kwake” amejivua sehemu ya kazi yake. Mwanafunzi anayedai kila somo limpe faida kabla ya jioni atayakosa yale yanayokomaa polepole.

Dhamana, kosa na mgonjwa wa mtu

Tofauti nyingine inahusu kukabidhiwa kazi. Wanafunzi wengi hulalamika kwamba wanabaki watazamaji. Wasimamizi hujibu kwamba mgonjwa si daftari la mazoezi, na kwamba dozi ikikosewa atakayeitwa kujieleza ni mfamasia aliyesajiliwa. Pande zote mbili zina hoja ya kimaadili. Busara ya kutenda haipatikani bila kutenda. Kwa upande mwingine, mwaka 1785 Immanuel Kant aliandika kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Mgonjwa anayekosewa ili mwanafunzi apate uzoefu ametumiwa hivyo hasa.

Njia ya kutoka inapatikana katika mpangilio wa kazi. Mwanaanthropolojia Jean Lave alichunguza mafundi cherehani wa Liberia, na mwaka 1991 yeye na Etienne Wenger walichapisha kitabu kuhusu namna wageni wa kazi wanavyoingizwa polepole katika jamii ya watendaji. Wanagenzi wa Liberia walianzia mwishoni mwa kazi: kushona vifungo na kupinda mapindo kwa mkono. Kisha walijifunza kuunganisha vipande, na mwisho kabisa kukata kitambaa. Mpangilio huo una akili. Kifungo kilichoshonwa vibaya hufumuliwa. Kitambaa kilichokatwa vibaya kimekwisha. Mwanagenzi anafanya kazi ya kweli tangu siku ya kwanza, kwenye nguo itakayovaliwa, lakini anaanzia pale ambapo kosa lake linarekebishika.

Famasi ina hatua za aina hiyo. Kuchukua historia ya dawa za mgonjwa ni kazi ya kweli, na kosa lake hugunduliwa msimamizi anapopitia orodha. Kumweleza mgonjwa matumizi ya dawa wakati wa kuruhusiwa kurudi nyumbani ni kazi ya kweli pia, msimamizi akiwa amesimama hatua mbili nyuma. Kupendekeza kwa daktari abadilishe dozi huja baadaye. Mwaka 1990 George Miller alipanga upimaji wa utabibu katika ngazi nne: anajua, anajua namna, anaonyesha namna, anatenda. Mwaka 2005 Olle ten Cate wa Uholanzi aliongeza swali ambalo kila msimamizi hujiuliza kimoyomoyo: kazi gani naweza kumwachia huyu, na nikae mbali kiasi gani?

Swali hilo likibaki kimoyomoyo, mwanafunzi hulijibu mwenyewe, na jibu lake mara nyingi ni “haniamini.” Likisemwa wazi, hubadilika. Kuambiwa “mwezi huu utachukua historia peke yako, mapendekezo utayaleta kwangu kwanza” ni kupewa mpaka unaojulikana. Mwanafunzi aliye ndani ya mpaka unaojulikana hajisikii mtazamaji, hata kama mpaka huo ni mwembamba.

Maswali, heshima na hofu

Kuuliza maswali ni chombo kikuu cha ualimu wa wodini, na kina historia mbili. Katika mazungumzo ya Plato, Socrates huwauliza watu hadharani mpaka wakiri kwamba hawajui walichodhani wanakijua. Kukiri huko ndiko mlango wa elimu. Kwa upande wa pili, katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka huruma kuwa wajibu wa kwanza wa mwalimu: awatendee wanafunzi kama watoto wake mwenyewe, na anapowarekebisha tabia atumie ishara badala ya kuwafichua mbele za watu. Naye Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoimaliza mwaka 1377, alionya kwamba ukali wa mwalimu humfundisha mtoto kuficha na kusema uongo ili akwepe adhabu. Ibn Khaldun huyohuyo alieleza kuwa ustadi wa kazi ni sifa inayokaa ndani ya mtu kwa kurudiarudia tendo, na kwamba kuona kwa macho huukamilisha zaidi kuliko kusikia habari.

Mwanafunzi anayeulizwa nusu-maisha ya fenitoini mbele ya daktari bingwa, wauguzi na mgonjwa mwenyewe anaweza kuliona jambo hilo kama aibu tupu. Msimamizi anaweza kuwa na nia ya Socrates kabisa, ya kuamsha. Hoja ya Ibn Khaldun inaonyesha kwa nini nia peke yake haitoshi. Katika famasi kuficha ujinga ni hatari ya kitabibu. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba “sijui” huleta aibu atajibu kwa kubahatisha, na siku moja atabahatisha dozi. Kwa hiyo swali hadharani linafaa pale tu ambapo jibu la “sijui, naomba nikaangalie” linapokewa kama jibu zuri. Pasipo sharti hilo, mbinu ya Socrates huzaa kinyume cha alichokitafuta.

Heshima ya Afrika Mashariki huongeza uzito. Mwanafunzi amelelewa kutomkatiza mkubwa, na wodini karibu kila mtu ni mkubwa wake. Anapoona kwenye cheti cha dawa kwamba mgonjwa mwenye mzio wa penisilini ameandikiwa amoksilini, malezi yanamwambia anyamaze na kiapo cha fani kinamwambia aseme. Hakuna mhadhara unaofundisha jambo hili vizuri kama kumwona msimamizi akilifanya: “Daktari, samahani, naomba tuangalie ukurasa wa mbele wa faili, kuna habari ya mzio.” Sentensi hiyo ina adabu yote ya mahali hapo, na haimwachi mgonjwa hatarini. Mwanafunzi aliyeisikia amejifunza kwamba heshima na ukweli vinaweza kukaa katika kinywa kimoja. Aliyemwona msimamizi wake akinyamaza naye amejifunza kitu, ingawa hakuna aliyekusudia kukifundisha.

Nani ana haki ya kuyahukumu mafundisho?

Vyuo hukusanya maoni ya wanafunzi kuhusu wasimamizi wao, na wasimamizi huyatilia shaka. Shaka yao ina msingi wa zamani. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno linatolewa tatizo hili: mtu asiyejua kitu atakitafutaje, na akikipata atajuaje kwamba ndicho? Mwanafunzi bado hana busara ya kliniki; atawezaje kusema kama amefundishwa busara ya kliniki au kitu kingine kinachofanana nayo? Anaweza kumsifu msimamizi mchangamfu aliyempa vitini vizuri, na kumlaumu aliyemfanya arudie historia ya mgonjwa mara tatu. Kuridhika na kujifunza ni mambo mawili.

Shaka hiyo, ikisukumwa mbali, humrudia aliyeianzisha. Msimamizi anajua lengo, lakini hajui kilichofika. Hawezi kusikia maneno yake kwa masikio ya mtu anayeyasikia mara ya kwanza. Hajui kwamba alipokuwa akieleza kuhusu insulini mwanafunzi alikuwa bado ameganda kwenye neno la mwanzo. Kuhusu hayo shahidi ni mmoja tu, naye ni mwanafunzi.

Ushahidi wa pande mbili, basi, unahusu mambo tofauti, na hauhitaji kupigiwa kura ili mmoja ashinde. Mwanafunzi ni shahidi wa kuaminika kuhusu mapokezi: kama alielezwa anachotakiwa kufanya, kama alirekebishwa kwa lugha aliyoielewa, kama alithubutu kuuliza. Msimamizi ni shahidi wa kuaminika kuhusu maudhui: kama kilichofundishwa ndicho kazi inachokihitaji, na kama mwanafunzi amekifikia. Fomu ya tathmini inayomtaka mwanafunzi apime umahiri wa kitabibu wa msimamizi inamuuliza asichokijua. Msimamizi anayejaza mwenyewe kwamba mazingira yake ya kujifunzia ni rafiki, naye anajibu swali la mtu mwingine.

Mgonjwa kama kipimo

Kuna mtu wa tatu ambaye mjadala huu humsahau kirahisi. Mgonjwa yupo wakati wote fundisho linapotolewa, na mara nyingi hakuulizwa kama anakubali kuwa sehemu yake. Kumwomba ridhaa ni haki yake, na ni somo kwa mwanafunzi pia, kwa kuwa namna mgonjwa anavyoombwa ndiyo namna mwanafunzi atakavyomwona: mtu, au kitanda namba fulani.

Mgonjwa huonyesha pia kama maarifa yamevuka. Mwanafunzi wa Tanzania au Kenya husoma famasi kwa Kiingereza na kuitekeleza kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, Kiluo au Kichaga. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa 1x3. Mwanafunzi anaona kidonge kimoja kila baada ya saa nane. Mgonjwa anaweza kuona kimoja baada ya kila mlo, na siku anayokula mara mbili atameza viwili. Hapo mwanafunzi hugundua kwamba kujua famasi kwa lugha ya mtihani ni kuijua nusu. Wakati mwingine yeye ndiye anayeijua lugha ya mgonjwa na msimamizi haijui, na kwa dakika hizo ualimu hugeuka upande. Msimamizi anayekubali kugeuziwa huonyesha kwa vitendo kwamba kujifunza hakuishii kwenye cheti cha usajili.

Deni la kufundisha

Linabaki swali la wajibu. Msimamizi wa hospitali ameajiriwa kutoa huduma. Mwanafunzi ni wa chuo. Pale ambapo ualimu hauna malipo wala muda uliotengwa, msimamizi anaweza kuuona kama hisani, na mwanafunzi anaudai kama haki. Kiapo cha kale kinachohusishwa na Hippocrates kinamfunga mtabibu kuwafundisha sanaa hiyo watoto wa mwalimu wake bila kudai ada. Hoja iliyomo ndani yake bado ina nguvu: aliyefundishwa hawezi kumlipa mwalimu wake kikamilifu, kwa hiyo deni hulipwa kwa wanaokuja nyuma.

Hata hivyo deni la mtu binafsi lisiwe kisingizio cha taasisi. Mfamasia mmoja mwenye foleni dirishani hawezi kufikiri kwa sauti, kupanga hatua za dhamana na kumwita mwanafunzi pembeni, hata awe na moyo kiasi gani. Anayetaka afundishe anapaswa kumpa muda wa kufundisha na kumfundisha namna ya kufundisha, maana umahiri wa kutibu na umahiri wa kufundisha ni stadi mbili. Mwanafunzi naye ana deni lake: kufika akiwa amesoma faili, kutaja asichokijua kabla hakijamdhuru mtu, na kuuliza “kwa nini” pale anapopewa jibu tupu.

Mitazamo ya wanafunzi na wasimamizi inaweza kukaribiana katika mambo yanayosemeka: malengo ya kila juma, mipaka ya kazi anayoachiwa mwanafunzi, na mrejesho unaojulikana kuwa ni mrejesho. Ikitofautiana sana katika hayo, kuna kazi haijafanywa. Katika yale yanayoiva polepole, tofauti fulani itabaki kwa haki, kwa sababu anayejifunza busara hawezi kuiona yote kabla hajaipata, na aliyeipata hawezi kukumbuka vizuri namna ilivyokuwa kutokuwa nayo. Mpango mzuri wa mafundisho ya kliniki hautafuti kuifuta tofauti hiyo. Huwapa wawili hao nafasi ya kuizungumza wakiwa bado wodini, mgonjwa akiwa bado anaweza kunufaika na wanachokubaliana.